Besi Kuukuu Haiuzwi kwa Kilo

Matarumbeta ya harusi yakipita mtaani juu ya pikapu, macho ya watu huwa kwa yule wa tarumbeta ya mbele anayepandisha sauti mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Anayekaa nyuma, amejikunja na lidude lenye mabomba yaliyozungukana kama utumbo, hapati hata picha moja ya simu. Lakini mwondoe huyo uone. Wimbo wote unabaki mwepesi kama chai isiyokolea majani. Huyo ndiye mpiga besi, na makala hii inahusu lidude lake, hasa lile lililozeeka.

Mimi nasoma ualimu, sisomi muziki. Nimeingia kwenye mambo haya kwa sababu usharikani kwetu kuna besi mbili kuukuu stoo, na kila kikao cha kamati ya majengo hakikosi mtu wa kushauri ziuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Besi kubwa ina uzito wa kilo kama kumi, na brasi ina bei kuliko chuma cha kawaida, kwa hiyo kihela hoja yao si ya kijinga. Nikaona bora tujue kwanza tunachotaka kuuza ni nini. Niliyoyapata nayaandika hapa, maana najua si kwetu tu. Kuna mashule, makanisa na bendi za zamani zenye stoo za namna hiyo nchi nzima, na wengi tutakaoajiriwa huko mikoani tutakabidhiwa funguo za hizo stoo.

Kwanza tuelewane kwenye maneno, maana mambo haya hayajapata Kiswahili chake kilichotulia. Nikisema besi namaanisha tarumbeta yoyote ya sauti nzito: tuba, eufoniamu ambayo ni kama mdogo wake tuba, na susafoni, ile inayovaliwa begani ikamzunguka mtu kama chatu. Ule mdomo mpana unakotokea mlio nitauita faneli, kwa sababu ndivyo ulivyo. Sehemu inayogusa midomo ya mpigaji ni kipulizio. Vali ni vile vibonyezo vya vidole pamoja na mitambo yake, na slaidi ni vipande vya bomba vinavyochomoka ili kurekebisha sauti au kumwaga maji. Brasi ni mchanganyiko wa shaba na zinki. Wengine huiita shaba ya njano. Huo mchanganyiko ukumbuke, kwa sababu magonjwa mengi ya besi yanaanzia kwenye hiyo zinki.

Kilichonishangaza ni kwamba tuba ni kijana. Tarumbeta na tromboni zina karne nyingi, lakini tuba ilipata hati ya ubunifu huko Prussia tarehe 12 Septemba 1835. Walioibuni ni Wilhelm Wieprecht, kiongozi wa bendi za jeshi, na fundi Johann Gottfried Moritz wa Berlin. Kwa nini ilichelewa hivyo? Kwa sababu sauti nzito inataka bomba refu, na bomba refu peke yake, hata ulipulize vipi, linakupa sauti chache tu zilizoachana, kama ile baragumu ya kuamshia askari. Vali ndizo zilizotatua tatizo, nazo zilipata hati huko huko Prussia mwaka 1818 kwa majina ya Stölzel na Blühmel. Kabla ya hapo watu walihangaika kweli kweli.

Mahangaiko yenyewe ndiyo yanayowatoa wakusanyaji udenda siku hizi. Kuna chombo kiitwacho serpenti, yaani nyoka, ambacho inasimuliwa kilianzia Auxerre, Ufaransa, karibu na mwaka 1590, ili kuwashikia sauti waimbaji wa kanisani. Ni cha mbao. Fundi alichonga nusu mbili zilizopindapinda, akazigundisha, akazivika ngozi, akatoboa matundu sita ya vidole. Ukikinyoosha kinafika kama mita mbili na nusu. Kinapulizwa kwa midomo kama tarumbeta lakini vidole vinacheza kama kwenye filimbi, na kupatia sauti yake ni kazi ya mtu mwenye subira. Baadaye, mwaka 1817, fundi mmoja wa Paris aliyejulikana kama Halary akatengeneza ofikleide, ya brasi, inayosimama wima, yenye vifuniko vya kufungua na kufunga matundu kama saksafoni. Jina lake kwa Kigiriki maana yake ni nyoka mwenye funguo. Berlioz aliiandikia sehemu katika Symphonie fantastique ya mwaka 1830, na leo orkestra nyingi sehemu hiyo huipiga kwa tuba, kwa sababu ofikleide zilizobaki ziko kwa wakusanyaji na makumbusho.

Na kabla mtu hajasema haya ni mambo ya Wazungu tu, aende Lamu. Siwa ya Lamu ni baragumu kubwa la brasi lililotengenezwa kwa kumiminwa kwenye kalibu, linapulizwa ubavuni na si mwishoni, na wataalamu wanaliweka kwenye karne ya 17 au ya 18. Mwenzake, siwa ya Pate, ni ya pembe za ndovu na inazidi mita mbili. Zilipigwa kwenye shughuli za watawala na za koo kubwa, si kila harusi ya mtu yeyote. Yaani pwani yetu ilikuwa na chombo kizito cha brasi, chenye heshima ya kitaifa, kabla ya tuba kuzaliwa. Sijui kwa nini hatufundishwi hivyo shuleni.

Tuba zenyewe zilitufikia kwa njia ya jeshi na kanisa. Wajerumani walikuwa na bendi ya askari Dar es Salaam. Watu wakasikia, wakaiga, wakageuza. Neno bendi likawa beni, na ngoma ya beni ikasambaa kutoka Mombasa na Lamu hadi bara, na vyama vyake vya Marini na Arinoti vikishindana mpaka kufilisiana kwa mapambo na karamu. Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975, na mtu wa Historia asipokitafuta atakuwa amejinyima. Jeshi la Wokovu lilianza Kenya mwaka 1921 na Tanganyika mwaka 1933, na kokote linakokwenda Jeshi la Wokovu linakwenda na bendi. Walutheri na Wamoravian, kwa mizizi yao ya Ujerumani, bendi zao za tarumbeta zinapigwa mpaka Jumapili hii.

Historia hiyo inakusaidia moja kwa moja ukiwa umesimama stoo mbele ya besi isiyo na maelezo. Angalia vali. Kama zinapanda na kushuka ndani ya silinda, hizo ni pistoni, na uwezekano mkubwa ni kwamba chombo kina asili ya Uingereza, Ufaransa au Marekani. Kama vibonyezo vinasukuma vijiti vinavyozungusha kitu ndani ya kikopo kifupi, hizo ni vali za kuzunguka, na hapo fikiria Ujerumani, Austria au Bohemia. Si kanuni ya kuapia, ila ni mwanzo mzuri kuliko kubahatisha.

Kisha soma faneli. Watengenezaji wa zamani walipenda kuchonga jina na anwani, na anwani ni dhahabu kwa mtu anayetafuta umri. Boosey & Co. walikuwa 295 Regent Street, London, tangu mwaka 1874. Hawkes & Son walikuwa Denman Street. Kampuni hizi mbili ziliungana mwaka 1930, kwa hiyo besi iliyoandikwa Boosey & Hawkes kwa pamoja haiwezi kuwa ya kabla ya hapo, hata babu aape. Besson wa London wanajulikana kwa anwani ya 198 Euston Road. Jeshi la Wokovu nalo lilikuwa na kiwanda chake St Albans, na jina Triumphonic ukilikuta limechongwa, umekuta kazi yao; kiwanda hicho waliwauzia Boosey & Hawkes mwaka 1972. Ukiona Conn na Elkhart, hiyo imetoka Indiana, Marekani. Upande wa Ujerumani kuna utata, kwa sababu mafundi wengi wa Markneukirchen walitengeneza, halafu muuzaji wa mji mwingine akachonga jina lake mwenyewe.

Kuna mtego mmoja unaowanasa wengi. Besi za zamani za Uingereza huwa na medali zilizochongwa, na miaka ya maonyesho pembeni, mathalani Paris 1878. Mtu anaona 1878 anaanza kutangaza kwamba wana chombo cha mwaka 1878. Hapana. Huo ni mwaka kampuni ilipopewa medali, na iliendelea kujisifia nayo kwa miongo. Kinachosema ukweli zaidi ni namba ya mfululizo, ambayo mara nyingi imegongwa kwenye silinda ya vali, kwa kawaida ile ya pili. Namba hiyo si mwaka, ila wakusanyaji wameshatengeneza orodha zinazolinganisha namba na miaka kwa kampuni kubwa kubwa.

Jambo jingine la kukagua kabla hujampa mwanafunzi besi ya Kiingereza ni usawa wa sauti. Dunia ya leo inapima noti ya A kwa mitetemo 440 kwa sekunde. Bendi za brasi za Uingereza zilikaa kwenye kama 452 mpaka katikati ya miaka ya 1960. Tofauti hiyo ni karibu robo ya toni. Ndiyo maana kuna besi ambazo zikipigwa na kinanda cha kisasa, kila mtu anakunja uso na mpigaji analaumiwa bure. Chombo si kibovu. Kilizaliwa kwenye usawa mwingine, na dawa yake ni kuongezewa urefu wa bomba, kazi ambayo fundi mzuri anaiweza.

Hapo kwenye urefu nisimame kidogo, kwa sababu ndipo penye hesabu tamu ambayo mwalimu wa Fizikia au wa Hisabati angeweza kuitumia darasani. Tuba kubwa ya B-bapa ina bomba la mita 5.5 hivi ukilinyoosha. Kushuka nusu toni kunataka uongeze urefu kwa asilimia kama 6, toni nzima asilimia 12, toni na nusu asilimia 19. Ndiyo kazi ya vali ya pili, ya kwanza na ya tatu kwa mpangilio huo. Sasa bonyeza ya kwanza na ya tatu kwa pamoja. Unataka kushuka toni mbili na nusu, ambayo inahitaji asilimia 33 na ushee, lakini 12 na 19 zinakupa 31 tu. Pungufu ni sentimita 13 hivi za bomba, na sikio linazisikia: sauti inapanda kuliko inavyotakiwa. Baadaye David Blaikley wa Boosey alibuni mfumo unaojifidia wenyewe: vali ya mwisho ikibonyezwa, pumzi inarudishwa kupita tena kwenye vali nyingine kupitia vijibomba vya ziada. Ukitazama nyuma ya vali za besi ukaona vitanzi vidogo vidogo vya nyongeza, umeshika chombo cha namna hiyo, na thamani yake iko juu ya bei ya kilo kwa mbali sana.

Sasa utunzaji. Hapa ndipo nimeona nia njema ikiharibu kuliko uzembe.

Ugonjwa mkuu wa brasi ni zinki kutoroka. Unyevu wenye tindikali, pamoja na mate ya wapigaji wa miaka mingi, unaila zinki taratibu na kuacha shaba yenye vitundu kama sifongo. Utauona kama madoa ya waridi au mekundu, mara nyingi yenye kidoa cheusi katikati, hasa kwenye bomba la kwanza baada ya kipulizio. Usiyasugue. Madoa hayo yanatoka ndani kuja nje, na ukiyasugua unatoboa. Bomba lililofika hapo hubadilishwa na fundi, na lile la zamani linafungiwa lebo na kuhifadhiwa.

Ukishaelewa hilo, utaelewa kwa nini ile njia ya nyumbani ya kusafishia vyombo vya shaba, ndimu na majivu, haifai. Ndimu ni tindikali, inafanya kazi ile ile ya kuila zinki, na majivu yanakwaruza. Dawa nyingi za kopo za kung'arishia brasi nazo zina ungaunga wa kukwaruza, na nyingine zina amonia. Amonia na brasi ni maadui wa siku nyingi. Jeshi la Uingereza lilipokuwa India liligundua kwamba maganda ya risasi yaliyohifadhiwa kwenye mazizi ya farasi yalipasuka yenyewe kila msimu wa mvua. Mkojo wa farasi ulikuwa unatoa amonia, na brasi iliyokunjwa kwa nguvu kiwandani ina mkazo ndani yake, ikiguswa na amonia inapasuka. Faneli ya besi nayo ni brasi iliyokunjwa na kupigwa nyundo. Basi stoo iliyopakana na choo, au na banda la kuku, si mahali pa kuweka besi, hata kama ndiyo stoo pekee yenye kufuli.

Kingine kinachopotea kwenye kung'arisha ni maandishi. Kila msuguo unaondoa metali, na vitu vya kwanza kufutika ni zile anwani na namba nilizotoka kuzisifia. Kwa mkusanyaji, besi nyeusi yenye maandishi kamili ina thamani kuliko inayong'aa kama sahani ya harusi huku faneli yake ikiwa imebaki laini kama paji la uso. Ule weusi wenyewe unalinda. Nyingi za kabla ya miaka ya 1920 hazikuwa na vanishi. Zilikuwa brasi tupu au zilipakwa fedha.

Kuosha ni lazima, hasa kabla ya kupuliza. Mwaka 2010 madaktari wa Marekani walieleza kisa cha mpiga tromboni aliyekohoa kwa miaka kumi na tano. Chanzo kilikuwa vijidudu na kuvu vilivyoishi ndani ya tromboni yake. Besi iliyolala stoo miaka ishirini ina zaidi ya kuvu: mende, vumbi, na wakati mwingine viota vya nyigu wa tope ndani kabisa ya mabomba. Mimina maji kwanza utazame kinachotoka, usijifanye shujaa wa kupuliza mbele ya watu.

Maji yawe ya uvuguvugu, si ya moto, kwa sababu ya moto yanabandua vanishi ya zamani. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo inatosha. Toa slaidi zote zinazotoka kwa hiari. Pistoni zichomoe moja moja, na kila moja irudi kwenye silinda yake. Mara nyingi zimegongwa namba, ukikuta hazina funga uzi wenye rangi. Vali za kuzunguka usizifungue kama hujafundishwa, ziache zisuuzwe zikiwa zimefungwa. Ndani ya mabomba pitisha brashi inayopinda, iliyovikwa plastiki. Waya mtupu hapana. Kitambaa kilichofungwa kamba kinasaidia kwenye mabomba mapana, ila hakikisha hakikatiki, maana kitambaa kilichokwama ndani ya tuba kinaweza kuhitaji fundi wa kufumua mabomba. Suuza, inamisha pande zote mpaka maji yaishe, kisha acha kivulini siku moja au mbili.

Slaidi zipake mafuta ya mgando, yale yale ya kujipaka, kidogo tu. Pistoni zinataka mafuta yake maalumu, mepesi kabisa. Mafuta ya kula usijaribu. Yanaganda yakawa gundi, na pistoni iliyogandishwa na alizeti utaijutia.

Je, slaidi ikikataa? Hapa ndipo watu wanapoleta koleo, na hapa ndipo besi nyingi zimekufa. Weka mafuta ya kupenya kutu kwenye maungio, ondoka, rudi kesho. Kama bado, rudi keshokutwa. Pitisha mkanda wa kitambaa kwenye kona ya slaidi na kuvuta kwa mshtuko mdogo ulionyooka. Subira ya wiki mbili ni nafuu kuliko bomba lililopindwa, na hakuna harusi inayosubiri besi iliyokaa stoo tangu enzi za wazee.

Moto ni wa fundi peke yake. Maungio mengi ya besi yameunganishwa kwa lehemu laini ya risasi na bati, ambayo inayeyuka kwa joto dogo. Ndiyo maana fundi rejeta wa mtaani, aliyezoea rejeta za zamani za shaba na brasi, anaweza kurudishia kiungo kilichoachia, kwa sababu anatumia lehemu ya aina ile ile na anajua namna ya kupasha. Fundi wa kuchomelea mageti, hapana. Gesi yake inalainisha brasi yote inayozunguka, na bomba lililolainika linabonyea hata kwa kushikwa. Mwambie fundi rejeta asafishe tindikali yake ya kulehemia vizuri akimaliza, isije ikaendelea kula chombo mwaka mzima.

Mibonyeo ya juu juu iache. Ile ya faneli haiharibu sauti kama watu wanavyodhani. Inayoharibu ni ya bomba jembamba karibu na kipulizio. Mafundi wa kweli huinyoosha kwa mipira ya chuma inayosukumwa kutoka ndani.

Kuhusu kuhifadhi, sisi wa pwani tuna kazi zaidi kwa sababu ya joto, unyevu na chumvi ya hewani. Usifunge besi kwenye mfuko wa plastiki, inatoa jasho humo. Ifunike kwa shuka la pamba, mahali pakavu penye hewa, isiguse sakafu ya saruji. Iliyopakwa fedha usiiweke karibu na mpira au sufu, inaweka weusi haraka. Vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya usivitupe, vikusanye uviweke ndani ya faneli. Usiisimamishe tuba juu ya faneli yake kwa miaka, uzito wake wenyewe unaipinda.

Linakuja swali ambalo wakusanyaji wenyewe hawajaelewana: chombo cha kale kipigwe au kitazamwe tu? Durham, North Carolina, kulijengeka mkusanyo wa Vincent na Ethel Simonetti wa tuba zaidi ya 300, na mtu akikusanya namna hiyo ni wazi hawezi kuzipiga zote. Kwa serpenti jibu ni rahisi. Pumzi ya mtu ni ya moto na ya majimaji, mbao ya karne ya 18 ikiipokea ghafla inapasuka. Bora ibaki kabatini na nakala yake ndiyo ipigwe. Kwa brasi mimi nasimama upande wa wapigaji. Kampuni ya York ya Grand Rapids, Michigan, ilitengeneza miaka ya 1930 tuba mbili ambazo moja ilikuja kuwa ya Arnold Jacobs, mpiga tuba wa orkestra ya Chicago kuanzia 1944 hadi 1988. Alizipenda mpaka orkestra ikazinunua, na baadaye Hirsbrunner na Yamaha wakazipima na kutengeneza tuba mpya kwa kuzifuata. Vyombo hivyo visingepimwa na mtu yeyote kama vingekuwa vimekaa kimya. Sauti yake ndiyo iliyovifanya vitafutwe.

Hilo ndilo nililoiambia kamati yetu, kwamba besi ya Kijerumani ya vali za kuzunguka ioshwe, ipatiwe mafuta na irudi kwa vijana wa bendi, na ile nyingine yenye bomba lililooza isubiri fundi, isiuzwe. Wamekubali kusubiri. Hawajakubali kulipa.

Kwa anayewaza kununua na kuuza nje, kuna sheria. Vipulizio vya serpenti mara nyingi vilikuwa vya pembe za ndovu, na karne ya 19 pembe za Afrika Mashariki zilipitia Zanzibar kwenda viwanda vya dunia. Biashara ya kimataifa ya pembe ilifungwa kwa uamuzi wa mwaka 1989, ambao Tanzania ilikuwa miongoni mwa waliouomba. Uingereza, kwa sheria yake ya 2018, inaruhusu kuuza chombo cha muziki cha kabla ya 1975 chenye pembe chini ya asilimia 20 ya ujazo wake, tena baada ya kukisajili. Kwa hiyo kitu kidogo cheupe kilichokaa mdomoni kinaweza kukukwamisha forodhani na chombo kizima.

Kama huna fundi, huna hela wala mahali pazuri pa kuhifadhia, bado kuna kitu unaweza kukifanya leo kwa simu na daftari. Piga picha faneli, vali mbele na nyuma, na kila maandishi, ukimulika tochi kwa ubavu ili michongo ionekane. Andika namba ya mfululizo kama ilivyo. Hesabu vali. Pima upana wa faneli. Kisha mtafute mzee aliyewahi kuipiga, umuulize ilikuja mwaka gani, kwa meli au kwa mtu, nani aliipiga kabla yake, na nyimbo gani. Mrekodi akubali. Karatasi moja ifungwe kwenye chombo kwa uzi wa pamba, si kwa gundi wala utepe wa plastiki, na iandikwe kwa penseli, kwa sababu wino unachuja na unyevu wa stoo. Nakala ya pili ikae ofisini, kwenye faili la mali, pamoja na viti na madawati.